Vidonge vya Njano vya Bondeni

Elizabeth alikutwa amekufa kitandani kwake, Bondeni mjini Kyela, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumanne tarehe 14 Juni 1994. Ilipofika saa tatu mumewe, Ambrose, alikuwa ameshamwambia kila aliyekuja msibani kwamba Ridhwani, mwenye duka la dawa, kamuuzia dawa bandia. Vijana wakaanza kuokota mawe. Sajenti Zebedayo akamweka Ridhwani mahabusu, nusu kwa kumshuku, nusu kwa kumficha.

"Siku hizi kila mtu anauza dawa," alimwambia. "Wewe juzi tu ulikuwa unauza kanga."

"Kanga hazijawahi kunifunga, afande. Nilimuuzia chupa moja kubwa, mwezi wa tatu. Haikuwa imefunguliwa."

Saa tano Zebedayo aliiweka chupa ya marehemu mezani kwa Hanifa, mpima damu wa hospitali. Hanifa akamwaga vidonge, akanusa.

"Hivi ni vitamini. Rangi ni ile ile ya njano, harufu siyo."

"Basi Ridhwani kaisha."

"Ngoja. Elizabeth alikuwa na ugonjwa wa lupus. Askari wa mwili wanageuka, wanapiga figo za mwenye nyumba. Dawa yake inawapunguza hao askari, yaani chembe nyeupe za damu. Haiponyi, ila bila hiyo figo hufa." Akafungua daftari. "Machi, kabla ya dawa, elfu saba. Aprili, elfu tatu na mia mbili. Wiki iliyopita, elfu saba na mia nane. Ugonjwa wenyewe nao huzichezea, siapi. Ila naona Aprili alikuwa anameza dawa ya kweli."

"Kutoka chupa hii hii."

"Ndiyo maana nikakwambia ngoja."

Basi aliyebadilisha vidonge alikuwa mtu wa nyumbani. Zebedayo akamgeukia Ambrose, aliyepiga kelele kuliko wote.

"Chupa sijaishika tangu Mei, mama mkwe alipokuja kutoka Ipinda kuuguza," alisema Ambrose. "Mimi nilimsomea tu karatasi ya hospitali, kwamba chembe nyeupe zimeshuka."

Saa nane Zebedayo alichuchumaa mkekani, mbele ya Kisa, mama wa marehemu.

"Pole, Mama. Karatasi ile uliielewaje?"

"Kanisani walitufundisha habari za ukimwi. Mdudu anamaliza chembe nyeupe, mtu anakwisha. Nikaona dawa inafanya kazi ya mdudu. Nikaimwaga chooni, nikatia vitamini."

"Hukumwambia mtu?"

"Daktari ameshasema, mkwe ameshasema. Mimi wa shambani nani angenisikia?" Akamtazama. "Zile za kwanza zingemponya, mwanangu?"

"Zisingemponya. Angeishi zaidi."

"Kiasi gani?"

Kisa akajiinua bila kungoja jibu, akatoka kwenda uani. "Ridhwani hana kosa," akawaambia vijana. "Ni mimi niliyebadilisha."

Kijana mmoja wa nyuma akasema, "Polisi wamemtisha bibi wa watu. Ridhwani kawalipa."

Wakaanza kuondoka, wawili, watatu, kisha wote, njia ya dukani kwa Ridhwani, mawe mikononi. Kisa akawaita kwa majina, mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyegeuka.