Picha ya Mteremko wa Pili

"Hajazaliwa mtu, wala haijaundwa mashine, ya kunifanya mimi nipige kelele," alisema Fundi Lifti huku akifunga vifungo vya shati lake la drafti. "Nashinda na mashine, naota mashine. Mota ni mota tu, hata ukiivika kichwa cha joka."

Hayo aliyasema saa nne asubuhi. Saa sita na robo, bustani nzima ya michezo ilimsikia.

Lakini tusikimbie. Fundi Lifti alikuwa na miaka thelathini na minne, mrefu, mwembamba, vidole vina weusi wa grisi usiotoka kwa sabuni yoyote, na alikuwa na ugonjwa mmoja: kutilia shaka kila kitu. Ukimpa chai atauliza kama maji yamechemka kweli. Mara mbili maishani mwake aliwahi kuambiwa "nakupenda", na mara zote mbili aliuliza, "Kwa nini?" Wasichana wa watu wakakosa jibu la haraka, wakajiondokea.

Siku hiyo alikuwa amelazimishwa. Mama yake, mkunga mstaafu, alikuwa anatimiza miaka sitini na tano, na alipoulizwa anataka zawadi gani, hakutaka kitambaa wala seti ya sufuria. Alitaka kupanda Joka.

Joka lilikuwa gari la reli la kubembea: kichwa cha plastiki ya kijani, meno meupe kama ya tangazo la dawa ya meno, na mabehewa sita yaliyovutwa kwa mnyororo mpaka juu ya mapaa yote, kisha yakaachiwa yaporomoke. Walikwenda watatu: Fundi, mama, na mdogo wake wa mwisho, binti mwenye blauzi ya madoadoa mekundu, ambaye kwa busara zake alibaki chini kushika mikoba na akashuhudia yote kwa macho makavu. Binti huyo ndiye mimi ninayekusimulia, kwa hiyo habari hizi ni za uhakika. Yale ambayo sikuyaona, wenyewe walinisimulia, kila mmoja kivyake, nami nikachagua matamu.

Tangu getini Fundi alikuwa kazini. Aligonga mwamba kwa kifundo cha kidole: ko, ko. "Mtupu huu." Aliinama kwenye maporomoko ya maji. "Pampu mbili. Moja ina wiki chache za kuishi." Akasimama chini ya mti, jicho kwenye saa. "Mama, hawa ndege ni wa kwenye spika. Kila sekunde arobaini yuleyule mmoja anakohoa."

"Basi muombee apone," alisema mama, aiskrimu ikimchuruzika kwenye kidole.

Hata hivyo, nisimsingizie. Palikuwa na vitu vilivyomshika. Mzee mmoja na mkewe walikuwa wamepanda farasi wa mbao wanaozunguka, mzee ameshikilia kofia yake, mke ameshikilia mzee, na Fundi aliwatazama mizunguko mitatu mizima. Na walipofika chini ya nguzo za Joka, alikipapasa kile chuma mahali kilipoungwa, akanong'ona kwa heshima, "Aliyechomelea hapa ana mkono."

Wakapanda. Chuma cha kuwazuia kikashuka vifuani. Mnyororo ukaanza kuvuta, tak, tak, tak.

"Breki zake ni nzuri, mama. Usiogope."

"Nani kaogopa, baba?"

Mteremko wa kwanza, Fundi alifumba mdomo. Mteremko wa pili, mdomo ulifunguka wenyewe, na kilichotoka hakikuwa neno la lugha yoyote. Mama yeye alikuwa ameinua mikono juu kama anayepokea maua.

Ukishuka kwenye Joka huna njia nyingine ila kupita kwenye kibanda cha picha. Pale palikuwa na msongamano: watu wamevurugika nywele, miguu haijui kama imefika chini, wote wanatafuta sura zao kwenye skrini na kuchekana. Nyuma ya meza alikaa msichana mwenye sare ya bluu, kilemba cha njano kimefungwa kwa madaha, mkasi unaning'inia kifuani kwa utepe. Alikuwa na kishimo kwenye shavu moja tu, la kushoto, kana kwamba la kulia alilikopesha.

"Kaka mwenye drafti! Picha yako imetoka."

Fundi akatazama. Kwenye skrini palikuwa na mtu aliyeachama hata magego ungeweza kuyahesabu.

"Siyo mimi huyo."

"Basi huyo amevaa shati lako."

"Mashati ya drafti yako mengi."

"Na mama aliyekaa pembeni naye wako wengi?"

"Ni mwanangu huyo, usimsikilize," mama alidakia. "Binti yangu, nimezalisha miaka thelathini, kelele za watu nazijua. Ile haikuwa ya woga. Ile ilikuwa ya mtu anayezaliwa."

Watu wakacheka. Fundi masikio yakapata moto.

"Ifute, dada."

"Zisizochukuliwa zinafutwa jioni, zote," alisema Dada wa Picha. Kisha akaitazama tena ile skrini, polepole. "Ila hii sijui kama mkono wangu utakubali."

"Kwa nini?"

Ndiyo, aliuliza. Lakini safari hii jibu lilikuja kabla hajafumba mdomo.

"Kwa sababu humu kila kitu ni cha kuigiza, kaka. Mwamba, ndege, hata tabasamu langu hili nimepewa pamoja na sare. Kitu kimoja tu hakidanganyi: uso wa mtu kwenye mteremko wa pili. Nusu sekunde, kabla mwenyewe hajakumbuka kuuvaa. Nakaa hapa kutwa nzima nikisubiri nyuso. Huu wako ni mzuri."

Fundi Lifti akaitazama ile skrini kwa mara ya pili.

Jumapili iliyofuata alirudi. Alidai anataka kusikiliza ile pampu mgonjwa. Jumapili ya tatu alidai ndege anayekohoa. Ya nne hakudai kitu. Alikaa tu kwenye kigoda kando ya meza, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, akamsaidia Dada wa Picha kukunja fremu za karatasi ngumu. Ile picha yake ilikuwa ukutani, ndani ya fremu, juu ya kompyuta.

Na simu nazo zikaanza, Dada wa Picha akimwita Mkaguzi.

"Mkaguzi wangu, uko wapi?"

"Kwenye shimo la lifti. Kati ya ghorofa ya sita na ya saba."

"Umekwama?"

"Tangu siku ile."

"Ebo! Na wewe umejifunza maneno?"

"Nilifunguliwa mdomo kwenye Joka, haujajifunga."

"Usiufunge. Umekula?"

"Nimekula."

"Muongo. Nasikia tumbo linavyonisalimia."

Mama akisikia mwanawe anacheka na simu chumbani, alikuwa anapunguza sauti ya redio ili asipitwe.

Mambo yaliharibika Jumapili ya kumi. Fundi alikuwa pale kibandani, fremu mkononi, alipotokea fundi mwenzake, mmoja mwenye mdomo kama spana, na kwa hiyo akaitwa Spana. Alikuwa ameongozana na mafundi wengine wawili.

"Ala! Wewe si ndiye uliyetuambia humu ni mahali pa kuuzia watu wazima utoto? Unafanya nini?"

"Nimekuja... kuangalia mota zao."

"Na huyu dada?"

Hapo ndipo angesema. Neno "mpenzi" lilikuwa mdomoni kabisa, alikuwa ameshalitumia mara nyingi kwenye simu. Lakini macho sita yalikuwa yanamngoja, na kila Jumatatu angekuwa nayo karakana.

"Huyu? Anauza picha tu."

Spana akainua macho ukutani, akaanza kucheka mpaka akashika tumbo. "Jamani, na huyo anayelia kama king'ora si wewe?"

"Siyo mimi," alisema Fundi. "Simjui huyo."

Wakaondoka wakicheka. Fundi alipogeuka, Dada wa Picha alikuwa amesimama juu ya kigoda anaitoa picha ukutani. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililomtisha.

"Nilikuwa natania. Wale unajua..."

"Siku ya kwanza ulisema siyo wewe, nikacheka. Nilidhani ni aibu." Alifuta vumbi la fremu kwa upande wa kiganja. "Leo nimeamini. Kumbe kweli siyo wewe. Miamba humu ni mitupu, najua, wala hainiumizi, maana haikuwahi kuniambia ni mawe. Wewe uliniambia."

"Nisikilize kidogo, mpenzi."

"Nina foleni, kaka."

Kaka! Jamani, neno lile linavyoweza kuwa baridi.

Alipiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena. Akatuma ujumbe mrefu, akaufuta, akatuma mfupi, nao ukakaa bila jibu siku kumi na moja. Nyumbani akawa anakula bila kuuliza kama chakula kimeiva, na hapo mama akajua mtoto anaumwa.

"Jumapili hii ndiyo yake ya mwisho," mama alimwambia, akimenya viazi bila kumtazama.

"Ya nani?"

"Usijifanye. Amepata kazi studio ya picha, mji mwingine. Anaondoka Jumatatu."

"Umejuaje?"

"Sisi tunaongea. Amekususa wewe, mimi kanikosea nini?" Akatupa ganda. "Mwanangu, tatizo lako hukutia shaka mahali pa kutia. Umetilia shaka ndege, mwamba, chai. Spana ukamwamini."

Jumapili Fundi alifika wakati geti linafunguliwa. Kwapani alikuwa na kifuniko cha boksi alichokiandika kwa kalamu nene, herufi kubwa: NISAMEHE. Kama fundi, alikuwa ameshaigundua kamera zamani: nguzo ya tatu, mteremko wa pili, upande wa kushoto. Angekiinua pale, sura yake na neno lake vitokee kwenye skrini ya Dada wa Picha. Alikuwa amepiga hesabu za kasi na upepo, kila kitu.

Kila kitu, ila yeye mwenyewe. Safari ya kwanza, mikono ilikataa kuachia chuma. Ya pili aliinua kifuniko, lakini mapema mno, akapigwa picha mgongo wa boksi umemfunika uso. Ya tatu alikiinua pale pale panapotakiwa, upepo ukakinyakua kama umetumwa, kikaruka juu ya nguzo, kikatua kwenye maporomoko ya maji, kikazama. Naye, mikono mitupu hewani, akapiga ukelele mkubwa kuliko wa siku ile ya kwanza.

Alishuka. Foleni ya kibandani ilikuwa ndefu. Akaifuata mpaka zamu yake.

"Unachukua ipi, kaka?" Dada wa Picha hakuinua macho. Kilemba siku hiyo kilikuwa cheupe.

"Zote tatu."

"Za nani hizi? Lazima nijue mwenyewe. Nisije nikampa mtu sura isiyo yake."

Fundi akageukia foleni, watu kama ishirini hivi.

"Jamani, samahani. Huyu anayelia hapa ni mimi. Huyu aliyefichwa na boksi, mwenye masikio, ni mimi. Na huyu wa tatu, aliyeachama, ni mimi. Palikuwa na nyingine hapo ukutani, nayo ilikuwa mimi, nikaikana mbele ya Spana."

"Spana ndiye nani?" mama mmoja kwenye foleni aliuliza.

"Hana maana, mama."

"Sasa ulijikana kwa ajili yake?"

"Ndiyo, mama."

"Mjinga wewe," alisema yule mama, kwa upole.

Dada wa Picha alikuwa ameinua macho. "Hii ya tatu mikono iko juu. Ulikuwa umeshika nini?"

"Kifuniko cha boksi. Nilikuwa nimeandika."

"Kiko wapi?"

"Pampu imekimeza."

"Kilisema nini?"

"Nisamehe."

Msichana akaitazama ile picha ya tatu, yule mtu aliyefumba macho na mikono yake mitupu, kwa muda mrefu hata foleni ikaacha kusukumana.

"Ungefanikiwa kukishika, nisingekuamini," alisema. "Wanaojua kamera ilipo huwa wanaigiza." Akavuta droo. Ile picha ya kwanza ilikuwa mle ndani, kwenye fremu yake. "Nilitaka kuichana. Mkono haukukubali."

Kishimo kikatokea, kidogo.

"Huko unakokwenda," Fundi aliuliza, "kuna majengo marefu?"

"Yapo. Studio yenyewe iko ghorofa ya kumi na mbili."

"Lifti?"

"Wanasema inasumbua."

"Mbaya sana hiyo. Inahitaji mtu wa kukaa karibu nayo. Wa kudumu."

"Mkaguzi, unaomba kazi au unaniomba mimi?"

"Nakuomba wewe. Unioe... yaani, nikuoe. Nimechanganya."

"Umesema vizuri tu mara ya kwanza," alisema Dada wa Picha, akaweka kibao cha TUMEFUNGA mezani, foleni ikashangilia badala ya kulalamika.

Siku Dada wa Picha alipokuja kujitambulisha, nyumba yetu ilijaa shangazi na wajomba. Mchana ule nilikuwa katikati ya sebule, nawasimulia haya kama ninavyokusimulia, nikiigiza ukelele wa kaka mpaka shangazi mkubwa anafuta machozi. Mama alikuwa pembeni anaihamisha ile picha kutoka fremu ya karatasi kwenda fremu ya kioo.

"Na mimi nipo chini, nimesimama imara na mikoba, namcheka," nikasema.

"Hebu ngoja," alisema mama. Akavaa miwani. Ile fremu ya karatasi ilikuwa imefunika ukingo wa picha, sasa ukingo ulikuwa nje. "Kiti cha nyuma yetu. Nani huyu amemkaba shingo baba wa watu, machozi mpaka kidevuni?"

Picha ikapita mkono kwa mkono.

"Mimi nilimwona siku ileile," Dada wa Picha alisema taratibu. "Nikamfunika kwa fremu. Nilikuhurumia, wifi."

"Na mikoba yangu," mama akauliza, "ulimwachia nani?"

Picha ikanifikia. Nikaitazama kwa makini, nikairudisha.

"Siyo mimi huyo."

Kaka yangu aliinama, akaiangalia, akatabasamu kama mtu aliyeingoja siku hiyo mwaka mzima.

"Basi huyo amevaa blauzi yako."