Aliyepanga na Aliyepangisha

Nzuki alipofika kuchukua kodi, Ndululu alikuwa ameinamia karai anafua. Bila hata kuinua kichwa akamwambia kwamba amekwisha lipa.

"Umelipa nani?"

"Mwenye nyumba. Alipita juzi saa sita."

Nzuki akacheka. Vile vyumba vya udongo vilivyoezekwa kwa madebe, pale nyuma ya soko la Kitui, alivijenga mwenyewe mwaka uliofuata ule wa nzige, na hakuna asiyejua. "Mwenye nyumba si ni mimi, mama?"

Ndululu akamtazama kwa haya, kama mtu anayelazimika kumwambia jirani siri ya nyumbani kwake. "Si wewe. Ule mwingine, wa kanzu."

"Ukampa pesa yangu?"

"Hakutaka pesa." Akavuta leso kifuani. "Alisema atachukua kidogo tu. Sasa mtoto ananyonya, hakuna kitu. Maziwa imekauka yote."

Nzuki akaenda chumba cha pili kwa Musembi, fundi wa cherehani, akitumaini kusikia kwamba mama yule amechanganyikiwa. Akamkuta kakaa kitako sakafuni, macho mekundu kama pilipili. Musembi naye alikuwa amelipa. Kwake kulichukuliwa usingizi, na tangu hapo hakuwa amefumba jicho hata kwa bahati mbaya.

Ndipo Nzuki akatambua kwamba ni yule mgeni wa kanzu aliyemjia mlangoni.

Kiswahili cha Nzuki kilikuwa hiki chetu cha bara, cha kuokota sokoni na kwenye mashamba ya katani, kinachotosha kununua mbuzi na kutukana karani. Baada ya mvua kukatika, alikuwa ameketi adhuhuri moja mlangoni pa chumba cha mwisho, ambacho bado hakikuwa na mtu, akijivunia mali yake. Akatokea mzee wa kanzu safi. Njia nzima ilikuwa vumbi, lakini miguu ya yule mzee haikuwa na vumbi. Alinukia udi, na chini ya udi kulikuwa na harufu nyingine, ya kisima kilichofukiwa.

"Nyumba hii ya nani?" aliuliza, kwa Kiswahili cha pwani kilichonyooka.

"Ni mimi nimepanga hii yote," Nzuki alijibu, kifua mbele.

"Umepanga?"

"Nimepanga, mzee."

"Ilhali mimi sikujua kama nina mpangaji. Basi karibu. Karibu sana."

Nzuki alishangaa kukaribishwa nyumbani kwake mwenyewe, lakini mtu mzima hakatizwi, akaitikia, "Asante." Alipogeuka kutafuta ufunguo, mzee hakuwepo. Kufuli ilining'inia palepale, imefungwa, na ndani mtu alikuwa anafagia.

Tangu siku ile kufagia hakukukoma. Wazee wa kanisa walikuja na vitabu vyao wakaimba mbele ya mlango ule, na ndani mtu akaimba pamoja nao, kwa sauti nzuri kuwashinda, mpaka mmoja baada ya mwingine wakanyamaza wakaenda zao.

Lakini kilichomvunja Nzuki ni mkewe, Kalondu. Walikuwa wamezika watoto wawili, na sasa alikuwa na mimba kubwa. Mchana mmoja alirudi kutoka mtoni bila maji wala mtungi, akamvuta mumewe kando.

"Mwene musyi," alinong'ona, akimwita vile mke wa Kikamba anavyomwita mwenye boma lake, "nimekutana naye. Ameangalia tumbo. Akaniambia, 'Kodi yenu haijaiva. Nitangoja.' Uza hii nyumba. Uza twende kwa mama, kule mji wa Wote, kabla sijazaa."

Akapatikana mnunuzi: Muktar, Msomali mfanyabiashara wa ng'ombe aliyekulia Lamu kwa wajomba zake, aliyetaka pa kulaza wachungaji wake. Wakasimama uani.

"Ni mimi nimepanga hii nyumba yote," Nzuki akaanza, kama kawaida yake.

Muktar akakunja uso. "Umepanga? Basi wewe ni mpangaji. Nitanunuaje kwako? Nionyeshe aliyekupangisha."

Nzuki akamwomba arudie, polepole. Muktar akamfafanulia: mwenye nyumba hupangisha, anayekaa kwa kodi ndiye hupanga. Nzuki alijisikia mjinga, tena mjinga aliyeiweka damu yake rehani kwa mdomo wake mwenyewe. Akamsimulia Muktar yote.

Muktar alisogea mbali na mlango wa chumba cha mwisho. "Majini hao huyashika maneno," alisema kwa sauti ya chini. "Ulipanga, naye akakukaribisha, nawe ukashukuru. Lakini mpangaji yeyote ana ruhusa ya kuhama. Mwambie unahama. Neno moja tu, bwana Nzuki, usiongeze."

Adhuhuri iliyofuata Nzuki alisimama mbele ya kufuli, na kufagia kukakoma. Akasikia nyayo zikija taratibu mpaka nyuma ya ubao, akasikia pumzi, na ile harufu ya kisima ikapita chini ya mlango ikampanda miguuni, naye akawaza lile kosa lake, jinsi alivyosema panga badala ya pangisha, jinsi ule mkia mdogo wa neno alioukata ulivyotaka kumpotezea mtoto wa tatu, akaapa moyoni kwamba safari hii hataukata, hata akifa hataukata, akafumba macho akapiga kelele mpaka Ndululu akasikia kule kwake:

"Nahamisha! Leo hii nahamisha!"

Kisha sauti, karibu sana, yenye furaha ya mtu mzima aliyepewa zawadi.

"Unahamisha nani, Nzuki? Hapa tuko wawili tu."

Nzuki akarudi nyuma hatua moja.

"Basi ni mimi. Vyema. Twende."

Kufuli ikadondoka yenyewe. Chumba kilikuwa kitupu, sakafu safi. Jioni ile Ndululu alilia kwa furaha, maziwa yakimlowesha nguo, na Musembi akalala juu ya cherehani yake. Nzuki, ambaye maneno yale ya mwisho hakuyaelewa wala hakutaka kuyaelewa, akamuuzia Muktar nyumba, akamchukua mkewe wakaenda Wote.

Kwa mama mkwe kulikuwa shwari. Asubuhi moja Kalondu aliketi juani akicheka peke yake, akamwita mumewe.

"Njoo usikie. Leo amecheza mpaka nimechoka. Weka sikio."

Nzuki akapiga magoti, akaweka sikio tumboni mwa mkewe, na machozi ya shukrani yakamtoka. Mtoto alikuwa hai, alikuwa anageuka. Kisha akatulia, na kutoka mle ndani, kwa Kiswahili kilichonyooka, sauti ya mzee ikamwambia taratibu:

"Hapa pananitosha."

"Umesikia?" Kalondu akauliza, mkono wake ukimpapasa kichwani. "Si ana nguvu?"