Macho Mekundu ya Lionja

"Paa linavuja Lionja," Mkuu alisema kwenye simu kutoka Ruangwa. "Zuia mvua kabla mkutano haujaisha."

Kwa lugha ya kawaida: nyumba za watu zilikuwa karibu kubomolewa.

Wakili Rukaiya, jasusi wa siri wa Kitengo cha Mipango ya Ardhi, aliipokea amri hiyo akiwa amefungiwa ghalani.

Aibu kubwa kwa kitengo.

Ghala lilikuwa la bati. Dirisha moja, lenye nondo. Mlango mmoja, wenye kufuli kwa nje. Mifuko ya salfa ilipangwa hadi juu, maana ulikuwa msimu wa kupulizia mikorosho. Jua la Nachingwea lilichoma bati mpaka ghala likawa sufuria, na wakili akawa mboga.

Aliyemfungia ni Kroll, mgeni wa kampuni ya Miale Saba, aliyekuja na ramani ya mitambo ya umeme wa jua. Rukaiya aliikagua ramani akakuta kioja. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mlima mtupu, hauna hata kichaka. Lakini paneli zote zilichorwa juu ya kitongoji cha Bi Mwanaima, mkulima wa korosho, nyumba kwa nyumba.

Jibu lilikuwa chini ya nyumba hizo.

Kinywe. Madini. Watu wangehamishwa kwa jina la umeme, kisha Kroll angechimba.

Rukaiya alipouliza tu, walinzi walimnyang'anya simu yake kubwa. Kroll akamvua miwani nyeusi, akaivaa mwenyewe.

Kumvua jasusi miwani. Hapo vita vilitangazwa.

Hawakupekua soksi. Ndani ya soksi mlikuwa na silaha ya mwisho ya kitengo: kiswaswadu, kisimu kidogo cha vitufe.

Kikatetemeka tena. Safari hii ni Selestini, bodaboda na afisa mawasiliano.

"Dada, lori limeshusha watu kibao mkutanoni. Wanadai wametoka vitongoji vya mbali. Mwenyekiti anasita."

"Wamepiga kura?"

"Bado kidogo."

Rukaiya alihisi kuta zikimsogelea. Mkutano mkuu wa kijiji ukishakubali, kupinga mahakamani kungechukua miaka. Nyumba ya Bi Mwanaima haikuwa na miaka. Sheria aliyoitumikia maisha yake yote ilikuwa inageuka kufuli la pili.

Kwenye kona aliona mashine ya kupulizia salfa, ile ya kubeba mgongoni.

Akaibeba. Akavuta kamba. Mashine ikanguruma.

Akaelekeza bomba chini ya mlango.

Nje, mlinzi Bakary alikohoa. Akapiga chafya. Akaanza kumtaja Mungu.

"Mama, utaniua."

"Fungua, kaka. Tupumue wote."

Kufuli likalia.

Selestini alimfuata mbio, na pikipiki yake ya Boxer ikaruka mashimo mpaka mkutanoni, uwanja wa shule. Rukaiya alishuka akiwa wa njano kama binzari, macho yakiwaka moto. Mikono ilikuwa tayari juu. Mingi mno. Kroll alitabasamu nyuma ya miwani isiyo yake.

Rukaiya alitazama chini ya mikono ile.

Akaona.

Msimu wa salfa, Lionja nzima huwa na macho mekundu. Mwenye mkorosho, mke wake, jirani yake, hata shehe. Lakini kundi la lori lilikuwa na macho meupe, safi, yaliyolala vizuri.

"Mwenyekiti, kura ni ya mkazi," Rukaiya alisema. "Waombe wakutazame machoni."

Mwenyekiti Eustakio aliwapitia mmoja mmoja kwa macho yake yaliyovimba. Bi Mwanaima akainuka, akasimama mbele ya yule mnene kuliko wote.

"Mwenzetu, mikorosho yako unapulizia maziwa?"

Kijiji kikaangua kicheko. Mikono ikashuka, mmoja baada ya mwingine. Yule mnene akaungama kwamba ametokea Masasi na aliahidiwa pilau, na hata hilo pilau hajaliona.

Kura ilirudiwa, macho mekundu peke yake. Wakakubali umeme kwa furaha, juu ya mlima mtupu. Papo hapo Kroll akapoteza mapenzi yote aliyokuwa nayo kwa jua.

Rukaiya alimwendea taratibu. Akamvua miwani. Akaifuta kwa ushungi, akaivaa, akamgeuzia mgongo.

"Unalia, dada?" Selestini aliuliza.

Machozi yalikuwa yamefika kidevuni. Nyuma yake, Bi Mwanaima alikuwa anarudi nyumbani kwake.

"Salfa," alisema Rukaiya. "Washa pikipiki."