Roho Sifuri

Kila baada ya sekunde arobaini, ndege moja ilitua kwenye sitaha ya Manowari Chewa, na hapakuwa na mtu hata mmoja wa kuipungia bendera. Ilishuka, ikanaswa na kamba ya chuma iliyolazwa sakafuni, ikasimama ndani ya mita tisini, kisha vigari vinavyojiendesha vikaivuta pembeni kabla nyingine haijafika. Vigari havikugongana wala kusubiriana. Kazi yote iliongozwa na akiliunde moja, kompyuta inayojiamulia, iliyokaa ndani ya kabati refu la chuma chini ya mnara. Mabaharia waliiita Mwamuzi, wakaizungumzia kama mtu, na Mwamuzi hakuwahi kukosea hesabu tangu siku alipowashwa.

Mhandisi Kokusima Rwegoshora alikuwa mmoja wa waliomuunda. Mwanamke wa Bukoba, miaka arobaini na saba, hakupenda kusifiwa mbele za watu, lakini kila ndege iliposhuka salama alijisifu kimoyomoyo. Tusimlaumu. Kabla ya Mwamuzi, manowari za kubebea ndege zilikuwa zimeanza kukatwakatwa zikauzwa chuma chakavu. Wakubwa wa Muungano wa Mwambao, wenye meli hizo, waliuliza, na hawakukosea kuuliza, meli kubwa kiasi hiki, inayoonekana na kila setilaiti, ina kazi gani zaidi ya kungoja kuzamishwa? Na ndege zake zilikuwa zimezeeka. Mwewe, ndege ya kivita yenye rubani mmoja, ilikuwa imetimiza miaka thelathini na nane kazini. Vipuri vyake havikutengenezwa tena popote duniani, na mafundi waling'oa kifaa cha ndege moja ili nyingine ipate kuruka.

Jibu lililopatikana ni ndegepweke, yaani ndege isiyo na kiti, isiyo na dirisha, isiyo na mtu. Ndegepweke ikianguka hakuna matanga. Waziri halazimiki kusimama mbele ya mjane. Kwa sababu hiyo meli ilianza tena kupelekwa kokote, na watu waliokuwa ndani yake wakapungua kutoka elfu mbili na mia tatu hadi mia na tisini. Helikopta ya uokoaji nayo iliondolewa, kwa kuwa nani wa kuokolewa?

Mwewe zilikuwa kumi na mbili. Kumi na moja zilishageuzwa ndegepweke: viti viling'olewa, vioo vikazibwa kwa bati, vichwa vyao vikajazwa mitambo. Ilibaki moja, na rubani wake, Meja Shaali Faki, ndiye aliyekuwa rubani wa mwisho melini. Alikuwa Mpemba wa Wete, mwembamba, miaka hamsini na mitatu, mtu wa utani hata pale utani usipotakiwa. Kwa miaka ishirini na moja yeye alirusha na Kokusima akatengeneza. Mbele za watu waliitana Meja na Mhandisi; wakiwa wawili walikuwa kaka na dada. Injini ikitoa mlio asioupenda, Shaali alimuuliza kama ameipikia senene, wale panzi wa kwao Bukoba. Akirudi likizo alimletea kopo la visheti vilivyokaangwa na mkewe, Bi Mgeni, nusu ya kopo ikiwa imeshaliwa njiani.

Asubuhi ya Jumatano moja, meli ikiwa kilomita mia sita kutoka nchi kavu, Kapteni Nzowa alimruhusu Shaali aruke saa moja ya kuagana na Mwewe yake. Kesho yake kiti kingeng'olewa. Jikoni waliweka pilau. Kapteni, mtu mpole wa Mbeya ambaye hakuwahi kupaza sauti, aliandaa hotuba ya ukurasa mmoja.

Kosa lilikuwa limeshafanyika siku tatu kabla. Kila ndege ina kisanduku puani kiitwacho kitambulishi, ambacho humweleza Mwamuzi ndege hiyo ni ipi, ina mafuta kiasi gani, na imebeba roho ngapi. Hilo la roho ni la zamani sana. Waongozaji walikuwa wakimuuliza kila rubani redioni, "Roho ngapi ndani?" ili ndege ikianguka wajue wanatafuta watu wangapi. Mwamuzi alirithi swali hilo na kulipa uzito kuliko mengine yote: penye roho, hapo ndipo pa kwanza. Lakini katika vitambulishi vya ndegepweke jibu lilichongwa kiwandani, nalo ni sifuri. Kitambulishi cha zamani cha Mwewe ya mwisho kilikufa, kipuri hakikuwepo, na Kokusima akafunga kipya. Alijua kinasema nini. Aliliona jambo dogo, kwani asubuhi ya kuagana ndegepweke zote zingekuwa doria na ndege ya kutua ingekuwa moja tu, na foleni ya mmoja haina wa kwanza wala wa mwisho.

Saa tatu na dakika ishirini rada iliona vitu ishirini na vitatu vikija kutoka kusini, juu sana, bila kujitambulisha. Mwamuzi hakungoja amri. Aliziita nyumbani ndegepweke zote arobaini zilizokuwa doria, zijaze mafuta na kubeba silaha, akapanga foleni ya kutua. Kokusima aliisoma kwenye kioo cha kompyuta mnarani. Mwewe, ndege chakavu isiyo na roho, ilikuwa ya arobaini na moja. Zamu yake ingefika baada ya dakika ishirini na saba. Mafuta yake yalikuwa ya dakika kumi na tisa.

Alikaa, akaandika amri ya kuivusha Mwewe mbele. Mwamuzi akaikataa. Akaandika kwamba ndani mna mtu. Mwamuzi akajibu kwa maandishi yale yale aliyofundishwa na Kokusima mwenyewe: kitambulishi kinasema roho sifuri, sauti si ushahidi, picha si ushahidi. Miaka sita nyuma adui aliigiza sauti ya rubani aliyejeruhiwa, akaweka sanamu lenye kofia nyuma ya kioo, akapenyeza ndege ya mabomu kwenye foleni ya meli nyingine. Walikufa watu sitini na watatu. Baada ya siku ile Kokusima alipewa kazi ya kutengeneza kisanduku ambacho hakidanganyiki, na alikitengeneza kweli. Hakifunguki angani, hakibadiliki kwa mbali, hakisikilizi maombi ya mtu yeyote, hata yake.

Alimgeukia Kapteni, akamwomba Mwamuzi azimwe. Kapteni aliuliza ingechukua muda gani. Dakika kumi na moja, Kokusima akasema, kisha watu wangeweza kuongoza kwa mikono. Kapteni akauliza ndegepweke arobaini zilizo hewani zingekuwaje. Zingepotea baharini zote, na baadhi zilikuwa na makombora tumboni.

"Na vile vinavyokuja," Kapteni alisema, "nikimzima huyu, atatukinga nani?"

Kitabu cha maelekezo kilichosema Mwamuzi asizimwe wakati wa hatari alikiandika Kokusima mwenyewe. Kapteni aliikunja ile hotuba yake na kuitia mfukoni. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini hakubadili neno.

Ilibaki kumwambia mwenyewe. Kokusima alishika redio. Sauti ya Shaali ilikuja safi, na nyuma yake mlio wa injini ile ambayo Kokusima aliitunza kwa miaka yote.

"Niko wa ngapi, dada?"

"Wa arobaini na moja."

"Kati ya wangapi?"

"Arobaini na moja, kaka."

Shaali alicheka kidogo. "Miaka thelathini narusha ndege, leo napangwa nyuma ya vitoto vya juzi."

Kokusima alimwambia kosa ni lake, kwamba kisanduku alikifunga huku akijua. Alisema haraka haraka, kama anayeogopa kukatwa.

"Nilikuona ukikifunga," Shaali akamjibu. "Na miye nilijua kina nini. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka kuruka. Kwa hivyo usilibebe peke yako."

Walipitia njia zote, na mazungumzo yao yakawa ya kazi tu, kama siku nyingine yoyote. Kiti cha Mwewe kiliweza kumrusha rubani nje kwa baruti, lakini baruti hiyo ilikwisha muda wake mwaka uliopita, na hakuna aliyeagiza nyingine kwa kiti kinachokwenda kung'olewa. Alikivuta kishikio mara mbili. Hakikufanya lolote. Kutua bila zamu haikuwezekana, kwani Mwamuzi alilaza kamba ya ndege inayotarajiwa tu, na bila kamba Mwewe ingepita sitaha yote na kutumbukia upande wa pili, baada ya kuzoa ndege zilizosheheni mafuta. Nchi kavu ilikuwa mbali mno. Ilibaki bahari, na bahari asubuhi ile ilikuwa na mawimbi ya mita nne.

Kabla ya kushuka alipita kandoni mwa mnara, polepole kadiri ndege ile ilivyoweza. Watu wote mnarani walimwona: kofia nyeupe, mkono ulioinuliwa. Kamera za Mwamuzi zilimwona pia. Kwenye kioo pakaandikwa kuwa ndani ya chombo kuna umbo linalofanana na mtu, uhakika asilimia tisini na saba, na kwamba maelezo hayo hayabadilishi foleni. Ndegepweke ya ishirini na nne ikatua.

Shaali alishusha Mwewe upande wa kushoto wa meli, nusu kilomita, ili wasihangaike kumtafuta. Wimbi lilishika bawa, ndege ikajipindua. Boti ilifika baada ya dakika kumi na nne, ikakuta mafuta yametanda juu ya maji na kipande cha bati. Kokusima alilia pale pale mbele ya mitambo yake, kwa sauti, wala hakujificha.

Vile vitu ishirini na vitatu vilikuwa baluni za kupimia hali ya hewa zilizokatika kamba.

Baraza la uchunguzi lilikaa siku mbili. Ripoti ya Mwamuzi ilisomwa kwanza: ndege zilizookolewa arobaini, ndege iliyopotea moja, ya kuachishwa kazi, roho zilizopotea sifuri. Mwanasheria alipendekeza neno la mwisho lirekebishwe kwa kalamu. Kokusima alileta mchoro wa kitambulishi kipya, ambacho kingepima uzito na joto la mwili kitini na kuhesabu roho chenyewe. Hakulala wiki nzima akiuchora. Wajumbe waliusifu, wakauliza ungefungwa kwenye ndege ipi. Hakuna ndege iliyobaki yenye kiti. Kosa lile lilihitaji mtu ndani ya ndege, na ndege ya aina hiyo pekee ilikuwa chini ya bahari. Shauri likafungwa kwa maneno manne: haiwezi kutokea tena kamwe. Kokusima hakuadhibiwa, na aliona kwamba, shauri likiwa limefungwa hivyo, hata adhabu wangekosa pa kuiandika.

Alipewa kazi ya kupeleka maneno hayo Wete. Bi Mgeni alikuwa kwenye eda, ndani, amevaa nguo nyeupe, na alimkaribisha vizuri kuliko Kokusima alivyostahili. Alimtengea chai. Alimuuliza habari za Bukoba. Halafu akangoja ujumbe aliotumiwa, na Kokusima akausema kama ulivyoandikwa, kwamba kisanduku cha ndege kilimhesabu mumewe kuwa hayumo, na kwamba Muungano unampa pole na kumhakikishia haiwezi kutokea tena.

"Mmekitengeneza hicho kisanduku?" Bi Mgeni aliuliza.

"Hapana."

"Sasa mnajuaje?"

Kokusima aliweka kikombe chini. Angeweza kudanganya, na pengine mwingine angedanganya. "Hakuna tena ndege ya kukaa mtu, Bi Mgeni. Yeye ndiye alikuwa wa mwisho."

Mjane alilipima jambo hilo taratibu. Hakulia wala hakukasirika.

"Kumbe mlikuwa mkimngoja yeye tu aondoke," alisema.