Mistari Ambayo Wakio Hakuisoma

Saa tatu asubuhi. Chumba cha nyuma, duka la spea, Voi.

"Rudia," Sylus akaamuru.

Wakio akarudia. Mfumo wa ramani wa chama cha mashamba, alikofanya kazi, haukuamini mgeni. Kila moduli ya JavaScript, yaani kipande cha programu, iliyotoka nje ilifungiwa kwenye sanduku lake. Haioni faili. Haigusi mtandao. Inapewa inachohitaji, basi.

"Itatokaje humo?"

"Haitoki mpaka Mzee Mwandawiro aikague na kuitia sahihi."

"Na mzee saa hii haoni," akacheka Mbithe, aliyeiandika moduli waliyotaka kuipenyeza. "Ametoka kufanyiwa operesheni ya macho juzi."

Ikitoka sandukuni, ploti arobaini za Marungu zingebadilika majina ya wenyewe. Moja ilikuwa ya babake Wakio, aliyopokonywa wakati wa upimaji. Sylus aliapa kuirudisha. Kwa kiapo cha jambazi, mtu mzima na akili zake akakubali.

Saa nne na nusu. Ofisini.

Mwandawiro ndiye aliyelijenga sanduku hilo, na ndiye aliyemfundisha Wakio kazi. Hakuwahi kusaini kitu kabla hakijasomwa kwa sauti, mstari kwa mstari. Leo macho yalikuwa na bandeji.

"Nisomee, mwanangu."

Akasoma mistari mia na kumi. Mitatu akairuka. Sauti haikutetemeka hata kidogo, na hilo lilimwaibisha kuliko wizi wenyewe.

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu, mzee."

Mwandawiro akapapasa kibodi, akaweka nywila yake. "Mungu akubariki. Bila wewe ningekuwa nimekaa tu nyumbani."

Wakio alitamani ardhi ipasuke immeze.

Saa tano. Majina yalibadilika. Akaitafuta ploti ya baba. Mwenyewe sasa: Sylus. Akapiga simu. Imezimwa. Ya Mbithe pia.

Kesho yake, saa tatu. Wakulima walifurika mlangoni. Polisi wawili wakaingia.

"Sahihi hii ni ya nani?"

"Yangu," akasema Mwandawiro.

"Na macho hayo? Nani alikusomea?"

Mzee akageuza uso upande aliodhani Wakio amesimama. Akangoja. Wakio akakazia macho kompyuta yake.

"Hakuna," mzee akasema. "Ni makosa yangu."

Alijua. Wakio naye aliona kwamba anajua.

"Wewe dada, msaidie afike garini," polisi mmoja akamwambia Wakio.

Akamshika mkono, akamshusha ngazi taratibu huku wakulima wakimzomea mzee. Akamfungulia mlango, akamkalisha.

"Asante, mwanangu."

Wakio akafunga mlango wa gari, akarudi ofisini.