Pumzi Iliyokwama Foleni

Harufu ndiyo iliyotangulia. Chumba cha seva hakina kinachonukia zaidi ya vumbi na plastiki ya moto, lakini Jumatatu hiyo Dada Nyaya, fundi wa mitambo wa hospitali, alipofungua mlango alipokewa na mafuta ya mkaratusi. Yaleyale aliyokuwa akijipaka kifuani mdogo wake, mpimaji wa maabara, kila pumu ilipombana. Mdogo wake alikuwa kaburini wiki ya tatu sasa.

Saa kumi na dakika kumi alasiri, seva ya barua pepe ilizimika. Akaiwasha. Kesho yake saa ileile ikazimika tena, na keshokutwa vivyo hivyo. Majibu ya vipimo, yaliyotumwa kwa barua pepe, yakakwama foleni, wagonjwa wakajazana kwenye mabenchi, na watu wa hospitali, ambao hawana dogo, wakaanza kunong'ona kwamba kile chumba kina mwenyewe.

"Jini gani hilo la kutumia barua pepe?" Dada Nyaya alimwambia daktari wa watoto, akijitia kucheka.

Daktari hakucheka. "Nina mtoto, dada yangu, nasubiri majibu ya damu yake tangu jana," alisema kwa sauti ya chini. "Kama ni jini, mwombe anihurumie."

Alhamisi Dada Nyaya akajifungia mle ndani. Alisoma kumbukumbu za mashine mstari kwa mstari mpaka akaona: kila seva ilipofikia barua moja iliyokuwa foleni, ilianguka. Faili moja tu, limeharibika katikati. Akalihamisha pembeni. Nyuma yake ukasikika mluzi mwembamba, akadhani ni feni, akaisimamisha feni, na mluzi ukaendelea, ukipanda na kushuka kama kifua cha mtu anayetafuta hewa, ukasogea hatua kwa hatua mpaka akausikia sikioni, na alipotupa macho kwenye kioo cha kompyuta, nywele zimemsimama, faili lilikuwa limerudi foleni.

Akalifungua. Lilitoka maabara kwenda kwake, Jumapili aliyofariki mdogo wake, saa kumi na dakika kumi.

"Dada, nimebanwa, dawa ya kuvuta imeisha. Siwezi kuongea. Njoo juu, na kama"

Baada ya hapo ni alama zisizosomeka.

Akakaa sakafuni. Jumapili ile, saa ileile, alikuwa humu akibadilisha betri ya umeme wa akiba. Seva huzimwa kwanza kwa utaratibu wake. Yeye alitaka kuokoa dakika tano awahi nyumbani, akang'oa waya wa umeme seva ikiwa inafanya kazi. Ghorofa moja juu, mdogo wake alikuwa akimwita, naye akamkata kauli.

"Nisamehe, mdogo wangu," alinong'ona, machozi yakimtiririka. "Na kama nini? Nimalizie."

Mluzi tu ndio uliomjibu.

Mlango ukagongwa. "Dada Nyaya!" Alikuwa daktari. "Mtoto anazidiwa!"

Faili lilikataa kuhamishwa, likakataa kunakiliwa. Ilibaki kulifuta, na kulifuta ni kuyapoteza maneno ya mwisho ya mtu aliyemlea mgongoni. Aliweka kidole juu ya kitufe. Kidole kikagoma.

"Nimekusikia," akasema. "Pumzika sasa."

Akabonyeza. Mluzi ukakatika. Majibu yakatoka mfululizo, na akamsikia daktari akikimbia kwenye korido kumwahi mgonjwa wake. Harufu nayo ikaondoka. Dada Nyaya alilia siku hiyo kuliko siku ya mazishi.

Ijumaa mtoto alikuwa ameanza kunyonya tena. Saa kumi na dakika kumi ikapita, seva ikiwa nzima. Mle chumba cha seva, fundi akafungua sanduku lake la barua, na barua mpya ilikuwa moja, kutoka maabara, kwenye anwani ya mdogo wake aliyoifunga kwa mkono wake mwenyewe baada ya maziko. Ilikuwa imekamilika.

"Dada, nimebanwa, dawa ya kuvuta imeisha. Siwezi kuongea. Njoo juu, na kama umeshaondoka, usijali. Nitakungoja."

Mkaratusi ukajaa chumbani. Dada Nyaya aliuvuta kwa pumzi yake yote, akainuka, akafunga mlango kwa ndani ili wabaki wawili.