Ndovu wa Picha ya Gacheri

Kila jioni baada ya masomo, Gacheri aliwafungia mbuzi wa mama yake, akanawa mikono, kisha akachukua kamera ya chama cha mazingira cha shule na kuteremka hadi kwenye ua wa umeme. Ng'ambo ya ua kulikuwa na msitu. Upande wa huku, mahali palipokuwa na vichaka tu alipoanza shule, sasa palijaa nyumba za mabati, machimbo ya mawe na nguzo za stima. Mji mdogo wa Ruiri ulikuwa unakua mbio.

"Nileteeni picha inayoonyesha mahali makazi ya watu yanapokutana na msitu," Mwalimu Mutegi, mlezi wa chama, alikuwa amewaambia wanafunzi wake. "Itakayoshinda itatundikwa kwenye maonyesho mjini Meru."

Gacheri alimtaka ndovu. Alisubiri sana, lakini ndovu walipita mbali, migongo tu ikionekana. Basi siku moja akabeba ndizi mbivu kutoka jikoni, akazirusha juu ya nyaya. Kesho yake akarusha nyingine. Haukupita muda, dume mmoja mwenye sikio lililochanika akazoea kuja. Jioni moja alisimama pale ua unapopinda kuzizunguka nyumba, mabati mapya yakimeremeta nyuma yake. Gacheri akampiga picha.

"Ulimpataje karibu hivi?" Mwalimu aliuliza kwa mshangao.

"Alikuja tu mwenyewe, mwalimu."

Picha ilishinda. Gacheri akaacha kwenda kwenye ua, lakini ndovu hakuacha. Alipokosa ndizi, aliziangusha nguzo za ua kwa pembe zake, akaingia shambani mwa mzee Riungu, mlinzi wa ua. Mzee alitoka akipiga debe ili amfukuze. Ndovu alimrusha ukutani, akamvunja nyonga. Kulipokucha, askari wa wanyamapori walimfuata yule dume hadi ukingoni mwa msitu. Gacheri alikuwa akiwasha moto wa chai aliposikia bunduki zikilia. Kiberiti kilimponyoka.

Chifu aliitisha baraza. Ndizi zilizooza zilikuwa zimepatikana kando ya ua, na migomba ya Riungu ilikuwa hapo karibu.

"Riungu ndiye alikuwa akizitupa hapo," alisema jirani mmoja, Marete. "Huyo analinda ua ama anaita ndovu? Afutwe kazi!"

Watu wengi wakaitikia. Kaari, mke wa Riungu, alisimama. "Mzee wangu yuko hospitalini, hata kugeuka kitandani hawezi. Mnamhukumu akiwa hayupo?"

Gacheri alikuwa ameketi kando ya mama yake. Hakuna aliyemwona akirusha ndizi. Angenyamaza, mambo yangeishia hapo. Lakini alipomtazama Kaari akijifuta machozi kwa pindo la leso, alijikuta amesimama.

"Ni mimi," alisema. "Nilikuwa nikimpa ndizi ili akaribie nimpige picha. Mzee Riungu hakujua."

Mama yake alijifunika uso. Marete akainamisha kichwa, kisha akamwendea Kaari kumwomba radhi. Chifu alitangaza kwamba Riungu atabaki na kazi yake, na kwamba kila boma litatoa mtu wa kuzisimamisha nguzo. Gacheri na mama yake walikuwa wa kwanza kufika na jembe.

Picha iliondolewa kwenye maonyesho. Jumamosi iliyofuata, Mwalimu Mutegi alimpeleka Gacheri hospitalini. Mzee Riungu alikuwa amekonda, mguu umening'inizwa na kuvutwa kwa vyuma vizito ili nyonga iunge. Gacheri alipiga magoti kando ya kitanda.

"Inuka, mwanangu," mzee alisema. "Nimeambiwa ulisema ukweli mbele ya watu wote. Umenirudishia jina langu. Lakini huu mguu hautakuwa kama zamani, na yule ndovu hatafufuka."

"Nisamehe, guka," Gacheri alisema, akimwita babu.

"Nimekusamehe. Ila sikiliza. Mnyama aliyezoeshwa chakula cha watu atakuja kukitafuta kwa watu, na hapo mmoja lazima aumie. Ukienda kupiga picha ya mahali, paache kama ulivyopakuta. Na siku ukikosea, sema siku hiyohiyo. Ungemwambia mwalimu alipokuuliza, ningeongeza waya na kuwaita askari mapema. Mimi ningekuwa shambani kwangu leo, na ndovu yule angekuwa msituni kwake."